Kutu na Mawese

Miaka thelathini na mmoja nimekwangua kutu
kwenye chelezo cha Kigoma, tumbo la meli juu yangu,
patasi mkononi, vumbi jekundu puani.
Naijua kutu kama mtu amjuavyo mkwewe:
haipigi hodi. Huanza kwa doa moja
nyuma ya ribiti, pale rangi ilipochubuka,
na hewa, hii hii tunayoililia tukizama,
ndiyo inayokula chuma.

Basi binti Misigaro, afisa lishe pale Maweni,
aliponikalisha na kadi yangu ya presha
akasema, "Mzee Butoyi, hata mwili hushika kutu,"
sikucheka kama wenzangu wa foleni.
Alisema kila pumzi huacha cheche ndani,
vipande visivyotulia,
kimoja humpora jirani kilicho chake
na jirani aliyeporwa
naye anageuka mwizi.
Lakini kuna vitu kwenye chakula
vinavyojitokeza mlangoni na kusema:
chukua kwangu, na mambo yaishie hapa.
Akavitaja kwa jina refu la darasani.
Mimi nikasikia: praima.
Koti la kwanza, lile linaloliwa
ili chuma kisiliwe.

"Ni rangi gani?" nikauliza.
"Rangi kwelikweli," akasema. "Kijani cha matembele.
Zambarau inayotia wino ulimi.
Na ule wekundu wa kwenu Simbo."

Ngoja niseme la Bukuru.
Pacha wangu. Alinitangulia kwa dakika ishirini
na hajachoka kunikumbusha.
Anakamua mawese tangu mumewe yu hai.
Mwaka ule wakwe walipokuja kutoka Dodoma
mchuzi ulidondoka kwenye kanzu ya mmoja wao,
wakanong'ona, tukasikia:
*kumbe hawa bado wanakula mafuta mekundu.*
Tangu siku hiyo Bukuru huyachoma.
Sufuria kavu, moto wa magogo, moshi mpaka darini,
mpaka wekundu unakata roho
yanabaki mafuta ya rangi ya maji,
mafuta yasiyo na kabila.

Jumapili nikapanda kwake na habari yangu.
"Dada, unachokichoma ndicho koti."
Akanitazama kama aliyerudishiwa chenji pungufu.
"Nani kasema?"
"Binti Misigaro."
"Yule aliyekuwa akiniibia chikichi?"
"Huyo huyo. Labda ndiyo maana hajachakaa."

Hakucheka. Aligeuza mwiko.
Akasema wateja wa mjini wanataka meupe,
na ada ya mjukuu hailipwi kwa wekundu.
Sikuwa na jibu. Bado sina.

Kuna kijana soko la Mwanga anauza vidonge,
chupa ina picha ya komamanga,
elfu arobaini, na mdomo wake unaponya kila kitu.
Nilimpelekea binti Misigaro chupa ile.
Akairudisha bila kuifungua.
"Kula, mzee. Na mawese ni vijiko, si kibuyu,
presha yako naijua."
"Nikila hivyo, kutu haitakuja?"
"Itakuja. Tunaichelewesha tu."

Hapo ndipo nilipomwamini.
Mimi pia sikuwahi kumwambia nahodha yeyote
kwamba meli yake haitaoza.

Jumapili iliyofuata Bukuru alinipakulia
ugali wa muhogo, matembele, mgebuka mmoja,
na bila neno akainama chini ya meza
akatoa chupa ya soda yenye kizibo cha gunzi.
Mekundu. Hayajaonja moto wa pili.
Yalitambaa juu ya majani polepole,
kama jua linapoingia kwenye karakana
kupitia tundu la msumari.

Tone likaangukia shati langu la ibada.
Akainuka upesi kutafuta sabuni.
Nikamshika mkono.
Maisha yangu yote nimekwangua madoa mekundu.
Hili, nikamwambia, liache.